Bembea ya mtoto ya stima, nimeitumia miezi mitatu: yatuliza, hailazi

Nianze na bei manake najua ndiyo mwaisubiri. 12,500. Mwenye duka alianza na 16,000, tukavutana mpaka akaniuliza kwani nimetoka Marikiti kununua vitunguu, nikamwambia ndiyo, na hata vitunguu sikuchukua kwa bei ya kwanza. Duka liko mjini, jina sitaji, mtaona mbele kwa nini.

Kitu chenyewe ni ile bembea ya umeme ya watoto wachanga, ya kijivu, ina kiti cha kitambaa kilichobonyea kama bakuli, mikanda ya kumfunga mtoto, kichandarua juu, rimoti, spidi 5, nyimbo 12 na blutuu ya kuunganisha simu. Kampuni siijui hata nikitaka, boksi lina jina moja na kijitabu cha ndani kina jina jingine, kwa hivyo jijazieni.

Binti yetu alizaliwa mwisho wa Januari, mtoto wa kwanza, na mimi nafanya kazi bandarini kwa shifti, wiki moja mchana wiki moja usiku. Mwenye kupata mtoto Mombasa mwisho wa Januari hahitaji kuelezwa. Ile Februari na Machi ya joto la kunata, mpaka ikifika tangambili upepo wenyewe haujui uende wapi, ukuta wa nyumba ukiugusa saa nne usiku bado wa moto. Na Ramadhani ikaingia hapo hapo, mtaa mzima Kisauni uko macho mpaka daku, watoto wa watu wacheza mpira barabarani saa saba usiku, na binti yangu akaona basi na yeye ni mtu wa mtaa huu, akawa halali. Kuanzia wiki ya tatu hivi akawa akisikia adhana ya magharibi ni kama amepigiwa kengele, analia mpaka saa nne, saa tano, miguu ameikunja tumboni, uso mwekundu. Kila aliyeingia mlangoni alisema chango. Mmoja alileta dawa ya majani, mmoja akaleta chupa ya graipu wota, mmoja akasema tumlambishe asali (msimpe asali mtoto chini ya mwaka mmoja jamani, si utani hilo, na maji pia hapana mpaka miezi 6, maziwa ya mama yamtosha hata kwenye joto letu hili).

Sasa mtu aliye macho wiki tatu ukimwonyesha video ya bembea yajiendesha yenyewe na mtoto amelala ndani kama malaika, atanunua. Mimi nililipa kwa Mpesa nikiwa nimesimama nasinzia.

Kuifunga ilinichukua saa nzima na nusu, skrubu 14, moja ilikosekana tangu dukani, kijitabu kimeandikwa Kichina na Kiingereza cha kukisia. Sikilalamikii sana hicho, fundi wa mtaani alinipa skrubu ya kufanana nayo bure.

Usiku wa kwanza, nawaambia ukweli, nilitaka kulia. Tulimweka, spidi ya pili, akatuangalia, akaangalia dari, dakika tisa kafunga macho. Mke wangu alinishika mkono hatukusema kitu, tukaenda jikoni tukala viazi vya karai vilivyopoa pamoja, wote wawili, kwa wakati mmoja, mara ya kwanza tangu tutoke hospitali. Kama ningeandika usiku ule ningewaambia nendeni mkauze mbuzi mnunue.

Akalala humo kwa muda wa saa mbili na nusu. Usiku wa pili vile vile. Tukawa twamwacha humo usiku kucha, tunatoa tu kunyonyesha na kubadilisha daipa. Mpaka siku ya kliniki ya wiki 6, ile ya chanjo, nesi akiwa ajaza kile kitabu akauliza tu kama mtu auliza habari, huyu usiku alala wapi? Nikaeleza kwa maringo, bembea, rimoti, spidi 5. Kalamu ikasimama. Akaniambia, baba, hebu mkalishe mtoto kwenye mkono wako nusu ameketi, tazama kidevu kinaenda wapi. Nikafanya. Kidevu kikaanguka kifuani, sawa sawa na vile huwa kwenye bembea, na mimi siku zote nilikuwa naona ni usingizi mtamu.

Alivyonieleza ni hivi: shingo ya mtoto mchanga haina nguvu na kichwa ni kizito, akilala kwenye kitu kilichoinama au kilichobonyea kichwa kinaangukia mbele na njia ya hewa inajikunja kama mpira wa maji uliokanyagwa, na hatalia, hapati hata hiyo nguvu ya kulia. Mtoto alale chali, pahali tambarare, godoro gumu kiasi, bila mto, bila blanketi, bila midoli, bila yale mapambo ya kuzungushia kitanda. Chumba kimoja na wazazi angalau miezi 6 ya mwanzo lakini kwenye kitanda chake. Basi. Nilirudi nyumbani nikafungua ile programu ya pima maji kwenye simu, ile mafundi hutumia kuona kama ukuta umenyooka, nikailaza kwenye kiti cha bembea: digrii 24. Baadaye nikasoma kwamba Marekani mwaka 2022 walipitisha sheria ya kukataza kabisa vitanda vya watoto vilivyoinama zaidi ya digrii 10, baada ya watoto kufa humo. Bembea kama hizi bado zauzwa huko, lakini kwa masharti kwamba si za kulala. Na ukitafuta kwenye kijitabu changu, ukurasa wa 9 chini kabisa, herufi za kusomwa na mchwa, imeandikwa mtoto akisinzia mtoe umpeleke pahali tambarare. Wakati boksi lenyewe nje lina picha ya mtoto amelala, usiku, nyota na mwezi, na kimto!

Nilirudi dukani. Sikutaka vita, nilitaka kuuliza tu kama waweza kunibadilishia nichukue kitanda cha mbao cha kawaida nikaongeza pesa. Kijana akaniambia bro kitu kikishafunguliwa hakirudi, na watoto wote wa Mombasa walala humo hakuna aliyekufa. Nikamuuliza amehesabu? Akaendelea na simu yake. Kwa hiyo huduma ya duka natoa sifuri na ningeweza kushuka ningeshuka.

Basi tukabaki na chombo cha 12,500 ambacho chamsinzisha mtoto lakini akisinzia tu lazima umtoe. Na hapo ndipo kazi ilipo wazazi wenzangu, kwenye kumtoa. Kumsinzisha si shida, hata mimi kwenye viti vya matatu ya Mtwapa nasinzia. Kumtoa kwenye kitu kinachoenda, chenye joto la mwili wake, umweke kwenye godoro lililotulia, hapo mtoto afungua jicho moja akuangalie kama askari wa geti.

Tulishindwa kama siku kumi. Nikawa nazima bembea ghafla, kosa. Nikawa namwinua mara tu akifunga macho, kosa kubwa zaidi. Kilichotusaidia ni jambo nililolipata kwa watafiti wa taasisi ya RIKEN kule Japani, walilitoa 2022, waliwapima watoto na mama zao wakaona mtoto anayelia ukimbeba ukatembea naye kama dakika 5 bila kusimama simama anatulia na wengi wanasinzia, lakini usimlaze hapo hapo, keti naye dakika 5 mpaka 8 nyingine mikononi ndiyo umlaze, manake usingizi wa dakika za mwanzo ni mwepesi, na kinachomwamsha zaidi ni ile kuachana na mwili wako. Sisi tukaigeuza: bembea spidi ya 3, akisinzia tunaishusha ya 2, ya 1, inazimwa, anakaa hapo dakika saba hivi na mmoja wetu ameketi mbele yake akimtazama, kisha anainuliwa. Akishushwa kitandani matako yatangulia, mgongo, kichwa mwisho, na mkono hautoki kifuani mpaka uhesabu sitini. Mke wangu ahesabu kwa Kiarabu, asema nambari ni ndefu zaidi.

Halafu kuna ule mshtuko. Watoto wachanga wana ile hali ya kurusha mikono ghafla kama mtu aliyekosa ngazi, akirusha tu ajiamsha mwenyewe, huendelea mpaka miezi mitatu, minne, wengine zaidi. Hapo ndipo alipoingia mama mkwe.

Mama mkwe alikuja kutoka Likoni siku ya pili ya kuzaliwa na arobaini yote alikuwa kwetu, na tangu bembea iingie nyumbani alikuwa aitazama kwa jicho la pembeni, akipita karibu yake ajikunja leso kama mtu apita penye mbwa. Siku moja mtoto yuwalia, bembea yapiga wimbo nambari 4, akaniambia, "Mwanangu, njoo ukate kamba hapa, nikufungie susu, hawa wote mwawaona wakubwa walilala kwenye susu ya leso na kamba mbili." Nikamwambia mama, susu nayo yabonyea vile vile, nesi amesema tambarare. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haya, susu hutaki. Kumfunga leso pia nesi amekataza?"

Hakukataza. Na mama mkwe kwa kufunga mtoto na leso, ni fundi. Alinituma Biashara Street, akanipa masharti kama naenda kununua dhahabu: leso ya pamba tupu, si zile za kuteleza za plastiki plastiki, ukiiweka mdomoni ukavuta pumzi hewa ipite. Nikaulizia leso za Mali ya Abdulla nikapata doti moja, nikaikata vipande viwili, nikaifua mara tatu ile wanga ikatoka. Leso ni karibu mita moja na nusu kwa zaidi ya mita moja, unaikunja pembe moja chini, mabega ya mtoto kwenye mkunjo, mkono mmoja chini ubavuni, pembe yapita kifuani yaingia chini ya mgongo, mkono wa pili, pembe ya pili, na ile pembe ya miguuni yaachwa legelege kabisa kama gunia. Hapo kwenye miguu mimi na mama mkwe tulipishana, yeye alizoea kunyoosha miguu na kubana ati isiwe matege. Nesi alikuwa ashaniambia nyonga za mtoto zataka miguu ikunjike kama ya chura, ukiibana yaweza kuteguka. Nilimwomba kwa adabu zote, akaitikia, ingawa nikienda kazini sijui alifunga vipi.

Na joto, hili la kwetu mtu wa Limuru hatalielewa. Mtoto wa Mombasa ukimfunga leso, ndani asiwe na kitu zaidi ya daipa, labda kifulana kukinyesha, na kofia hapana ndani ya nyumba hata bibi akasirike, kichwani ndiko anakotolea joto. Usipime mikononi wala miguuni, hiyo huwa baridi hata akiwa sawa, weka vidole nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa pamelowa jasho, fungua. Kuna usiku wa Machi hatukumfunga kabisa, alilala na daipa tu, na alilala. Kumfunga ni chali peke yake, na siku akianza kujaribu kujipindua, leso inarudi kwa mama yake. Wetu alianza juzi, miezi minne kamili, tumeacha.

Nyimbo za bembea nazo. Nyimbo 12, ukweli ni 3, hizo nyingine ni zile zile kwa spidi nyingine. Kuna ya ndege, hao ndege ni kama kengele ya baiskeli. Spika iko ubavuni mwa kichwa cha mtoto, yaani sentimita 20 hivi, na sauti ya chini kabisa bado yasikika mpaka ngazini. Sauti ya mfululizo inasaidia kweli, tumboni si kimya, mtoto ametoka pahali pa kelele usiku na mchana, lakini madaktari wa watoto wasema chombo kikae kama mita mbili kutoka kichwani na sauti ya chini. Tulizima spika ya bembea tukatumia feni. Feni yetu kuu kuu yenye kijisauti cha hmmmm, tumeielekeza ukutani si kwa mtoto, yafanya kazi mbili kwa stima moja, chumba kinapumua na mtoto apata mngurumo wake. Masika ilipoanza, mvua kwenye mabati ya jirani ilifanya kazi hiyo bure.

Stima zikipotea je? Bembea ina pahali pa betri 4, zile nono, hazimo kwenye boksi, utanunua mwenyewe, na zikiwa mpya zilituvusha siku mbili. Ikifika siku ya tatu yaanza kubembea upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Na mota sasa baada ya miezi mitatu yatoa mlio, tik, kila ikirudi kushoto. Nimepaka grisi. Tik bado iko.

Kitu ambacho bembea haiwezi, na boksi linakuahidi, ni kumfanya mtoto alale usiku mzima. Tusidanganyane hapo. Mtoto wa miezi 3 ya mwanzo hulala kama saa 14 mpaka 17 kwa siku, usingizi upo tele, tatizo umekatwa katwa kama mchicha, manake tumbo ni dogo anataka kunyonya kila saa mbili, tatu, na mwili wake bado haujui usiku ni upi, huanza kujua wiki ya nane mpaka ya kumi na mbili hivi. Sisi tulichofanya ni asubuhi tunamtoa varandani apate mwangaza (si jua kali), mchana anasikia kelele zote, blenda, tuktuk, mama mkwe kwenye simu, na usiku taa ndogo, hakuna kuongeleshwa, daipa inabadilishwa kimya kimya kama wezi. Kilio cha magharibi nacho hufika kilele wiki ya 6 kikashuka taratibu mpaka mwezi wa tatu, wa nne. Kwa hivyo ukinunua bembea wiki ya 5 kama mimi, ikifika wiki ya 12 utasema bembea imemponya mtoto. Mtoto amekua tu. Lakini kama analia na ana homa, hanyonyi, anatapika kijani, hapo hakuna bembea wala leso, ni hospitali, usiku huo huo.

Ikiwa wewe ni mama uko peke yako mchana na wataka dakika ishirini za kuoga na kula, au umepasuliwa na kuinama kwakuuma, au una mapacha na mikono ni miwili, hiki chombo kitakusaidia sana, mtoto akiwa macho au anasinzia na wewe wamwona, mikanda imefungwa, iko sakafuni si juu ya meza. Mke wangu aipenda, tuseme ukweli, asema ilimrudishia chai ya saa kumi. Lakini kama hela ulizonazo ni 12,500 peke yake na mtoto hana kitanda, nenda kwa seremala yeyote akupigie kitanda cha mbao cha kawaida, godoro likae kamili bila nafasi pembeni, neti juu, na chenji utabakiwa nayo ya doti mbili za leso. Mimi nilifanya kinyume, nikanunua bembea kwanza na kitanda wiki ya 7, kwa deni.

Nyota 3 kwa 5 kwa kifaa. Zingekuwa 4 kama boksi lingeonyesha mtoto aliye macho.

Naiuza sasa, 7,000, na kijitabu chake, ukurasa wa 9 nimeupiga rangi ya njano. Ile tik ya kushoto inakuja nayo, na skrubu moja si ya kwao. Mama mkwe amesema akija mnunuzi atamfunza kufunga leso bure, ila akae chini asikilize, hapendi mtu wa haraka.